Majuma Yasiyo na Habari

Miongoni mwa maswali yanayomkabili mtu aliyeiacha nchi yake kwa ajili ya dini, lililo gumu kuliko yote si lile la hatari, wala la maradhi, wala la kufa ugenini, kwa maana hayo matatu yamekwisha kutafakariwa na wengi, na kila aliyepanda chombo kwa nia safi amekwisha kuyajibu moyoni mwake kabla nanga haijang'olewa. Lililo gumu ni swali la siku zisizo na jambo. Nakusudia siku ambayo mmisionari huamka, akasali, akanywa chai yake, akajifunza maneno machache ya lugha ya wenyeji, akazibua mfereji, akapokea mgeni mmoja aliyekuja kuomba dawa ya homa, kisha akalala. Na siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na juma likafuata juma, hata mwaka ukatimia, naye akajiuliza, tena kwa haki kabisa, kama ni kwa ajili ya haya alimwacha mama yake mzee akilia bandarini.

Barua anayopaswa kuwaandikia waliompeleka huuzidisha uchungu wa swali hilo. Waliompeleka ni watu wema, wametoa sadaka zao, na baadhi yao wametoa katika ufukara, nao wanastahili kupewa habari. Lakini juma la namna ile halina habari. Hapo kalamu huanza kushawishika kumgeuza mgonjwa mmoja kuwa wagonjwa wengi, na udadisi wa mtoto mmoja kuwa kiu ya mji mzima. Sisemi kwamba wamisionari ni waongo, hasha. Nasema kwamba haja ya kuleta habari yaweza kumfundisha mtu kuyadharau maisha yake mwenyewe, akawa anaishi kwa ajili ya zile siku chache zinazoandikika, na hizo nyingine zote akazihesabu kuwa ni gharama ya kungoja. Mtu akifika hapo amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya umri wake, hata kama matunda ya kazi yake yangali yanakuja.

Nimependa kulitazama jambo hili kwa upande wa Lamu na visiwa vyake, kwa kuwa hakuna mahali katika pwani yetu ambapo swali hili husimama wazi zaidi, bila kitu cha kulisitiri, kuliko hapo. Kwingineko mmisionari alikuta kazi iliyomwita kwa sauti. Unguja soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Askofu Edward Steere akajenga kanisa mahali pale pale. Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, palitengenezwa mwaka 1875 kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, na mtu aliyeamka asubuhi akawakuta watu mamia wanaohitaji chakula, nguo, shule na mahali pa kulala hakuwa na faragha ya kujiuliza maana ya siku yake. Lamu haikumwita mtu. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua misingi ya msikiti wa karne ya 8. Na mgeni wa Kikristo aliposhuka gati ya Lamu mwishoni mwa karne ya 19 alikuta mji wenye misikiti kila mtaa, makadhi, walimu wa vyuo, waganga, na washairi ambao utenzi wa mmoja wao, ule alioutunga Mwana Kupona wa Siyu kwa ajili ya binti yake mwaka 1858, ungalipo vinywani mwa watu hata leo. Alikuta watu wanaosali mara tano kwa siku. Ni nani basi aliyekuwa akimngoja?

Wageni hao walikuwa Wajerumani wa misheni ya Neukirchen, jamii ndogo ya Kiinjili iliyotokana na nyumba ya mayatima aliyoianzisha mchungaji Ludwig Doll mwaka 1878, ambayo watumishi wake hawakuahidiwa mshahara ila walifundishwa kumtegemea Mungu kwa riziki zao. Walifika mwaka 1887. Ferdinand Würtz akaenda hata mto Tana, akakaa Ngao kwa Wapokomo, akajifunza lugha yao na kuiandika; na huko juu ya mto mambo yakaota mizizi, shule zikasimama, na Kanisa lililozaliwa pale liko hata leo. Lakini misheni hiyo hiyo ilikuwa na nyumba yake Lamu pia, na huko majuma yalikuwa ya namna nyingine kabisa. Lamu palikuwa mahali pa kupokea mizigo na barua, na pa kujifunza lugha kwa wanaoijua. Waongofu walikuwa haba mno. Mwalimu mmoja aliyewasomesha wageni hao ni Muhamadi Kijuma, mwana wa Lamu aliyefariki mwaka 1945, mshairi, mchonga milango, mpiga ala na mwandishi wa khati nzuri isiyo na mfano, ambaye baadaye aliwanakilia tenzi wataalamu kama Alice Werner na Ernst Dammann. Tafakari hali hiyo: mtu amevuka bahari ili afundishe, na majuma yake yanapita akiwa amekaa mbele ya mwenyeji, anasahihishwa matamshi.

Tena zama zile hazikuwa za salama. Witu, nchi iliyo bara karibu na Lamu, ilikuwa chini ya himaya ya Ujerumani tangu mwaka 1885, kisha mwaka 1890 ikakabidhiwa Uingereza, na katika Oktoba ya mwaka huo huo majeshi ya Waingereza yaliyoshuka kutoka manowarini yaliuteketeza mji wa Witu. Watu wa visiwani waliuona moshi wa mambo hayo. Kwa hiyo mgeni wa dini alihesabiwa pamoja na mgeni wa bunduki, wala hapakuwa na hotuba ambayo ingeweza kumtenga naye, kwani kila mshindi huja na hotuba. Kitu pekee kilichoweza kumtenga ni mwenendo wake wa kila siku, ukitazamwa na majirani mwaka hata mwaka: jinsi alivyolipa deni dukani, alivyosema na mtumishi wake, alivyowapisha wazee katika vichochoro vile vyembamba ambamo punda mwenye shehena humlazimisha kila mtu, awe sharifu au hamali, kubana ukutani. Yale majuma yasiyo na habari ndiyo yaliyobeba ushahidi, na wenyewe walioyaishi aghalabu hawakujua.

Hapa yafaa tumkumbuke Johannes Rebmann, ingawa yeye hakuwa Lamu bali Rabai, karibu na Mombasa, kwa sababu sijui mtu mwingine katika historia ya Ukristo wa pwani yetu ambaye umri wake umegawanyika kwa namna ya wazi hivyo kati ya siku yenye habari na siku zisizo na habari. Alifika mwaka 1846 kumsaidia Johann Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga katika ardhi ya Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann, akiwa njiani kwenda Uchagani, aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake, na habari hiyo ilipofika Ulaya wataalamu wa jiografia walibishana juu yake kwa miaka. Hadi leo mtoto wa shule akilitaja jina la Rebmann huutaja mlima. Lakini safari zake za Uchagani zilikwisha mwaka 1849, naye akabaki pwani hii hata mwaka 1875. Krapf alikuwa mtu wa ramani kubwa, aliyeota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka bahari ya mashariki hata ya magharibi, na maradhi yakamrudisha Ulaya mwaka 1853. Rebmann alibaki na mlango mmoja, shamba dogo, na watu wachache wanaoweza kuhesabiwa kwa vidole waliokubali kufundishwa. Mkewe akafa huku. Macho yake yakafifia hata akawa kipofu. Hakurudi kwao hata mara moja katika miaka hiyo yote karibu 29, na aliporudi alikwenda kufa, mwaka 1876.

Je, alifanya nini siku hizo zote? Sehemu kubwa aliandika maneno. Katika Mombasa alimpata mtumwa mmoja, Salimini, aliyetekwa katika nchi za ziwa Nyasa, akakaa naye miezi na miezi akimwuliza kila kitu kinaitwaje kwao, hata akatimiza kamusi ya Kinyasa, lugha ya nchi ambayo Rebmann hakupata kuiona wala hakutarajia kuiona. Kamusi hiyo ilipigwa chapa mwaka 1877, yeye akiwa amekwisha kufa. Wako wasemao kwamba umri huo ulifidiwa na kamusi hiyo, kwa kuwa iliwasaidia waliokuja baadaye. Mimi sipendi hesabu ya namna hiyo, kwa sababu inakubali kwamba siku ya mtu haina thamani mpaka iletewe risiti. Naona kulikuwa na jambo kubwa lililokwisha kutimia katika kile chumba kabla kamusi haijafikiriwa na mpiga chapa yeyote: mtu aliyenyang'anywa kila kitu, ambaye pwani nzima ilimjua kwa bei yake tu, aliulizwa na mtu mwingine siku baada ya siku kwamba ninyi kwenu mwasemaje, na majibu yake yakaandikwa kwa uangalifu kama maneno ya mwenye elimu. Hata kama kusingalikuwa na kamusi, hilo lingalibaki kuwa kweli mbele ya Mungu.

Nasogea sasa kwenye kisa ambacho kwangu mimi ndicho kiini cha maneno haya yote. Mwaka 1542 Francis Xavier, ambaye Wakatoliki wetu humwita Mtakatifu Fransisko Ksaveri, alikuwa njiani kutoka Ureno kwenda Goa, na merikebu yake ikatia nanga Malindi. Katika barua aliyoiandika baadaye kutoka Goa anasimulia kwamba Mwislamu mmoja wa heshima katika mji huo alimwuliza swali. Alitaka kujua kama kwa Wakristo watu wangali wakienda makanisani kusali kwa bidii, kwa sababu huko kwao Malindi ibada ilikuwa imepoa sana: palikuwa na misikiti 17, na iliyokuwa ikiendewa na watu ni mitatu tu, tena na watu wachache. Mzee yule alifadhaika, hakujua sababu, na alidhani ni adhabu ya dhambi kubwa fulani. Ksaveri alimjibu kwamba Mungu haridhii sala za wasioamini. Mzee hakuridhika na jawabu, wakabishana, wakaachana kila mmoja na lake, na merikebu ikaendelea na safari.

Namheshimu Ksaveri, na Wahindi wengi waliobatizwa kwa mkono wake ni ushuhuda wa bidii isiyo na kifani. Lakini nasema kwa taadhima kwamba siku ile Malindi alipewa zawadi asiitambue. Mzee yule hakuuliza habari za Utatu, wala za Msalaba, wala za mitume. Hakuja kwa ubishi. Alikuja na huzuni ya mtu mcha Mungu anayeona dini ya watu wake ikipoa, si kwa vita wala kwa mateso, bali kwa kupita kwa siku, na akamwuliza mcha Mungu mwenziwe kama kwao nako ni hivyo. Jawabu la kweli lilikuwa jepesi na la unyenyekevu, nalo ni kusema kwamba naam, hata kwetu, kwani mtu aliyetoka Ureno na kuishi Paris na Roma katika karne ile alijua vyema jinsi makanisa yanavyoweza kujaa dhahabu na kupungukiwa na waumini. Lakini jawabu la namna hiyo halitoki kwa mpita njia ambaye merikebu inamngoja. Latoka kwa mtu aliyekaa, ambaye yeye mwenyewe amepigana na ubaridi huo katika majuma yake, akasali bila ladha, akaimba zaburi huku mawazo yakiwa kwenye mchele uliokwisha.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa maana ya majuma ya kawaida kwa mtu aliye katika kazi ya dini ugenini. Katika mambo makuu mmisionari na mwenyeji wake wa Lamu wanatofautiana, na tofauti hiyo ni ya kweli, haifutwi kwa adabu wala kwa tabasamu; mmoja anasema Mungu amefanyika mtu, na mwingine anaona neno hilo kuwa zito mno kutamkwa. Lakini katika siku isiyo na jambo wote wawili wamewekwa chini ya mtihani mmoja, wa kumkumbuka Mungu wakati ambapo hakuna kitu kinachowakumbusha. Mwadhini apandaye alfajiri wakati wa kusi, mvua ikiwa inapiga na kitanda kina joto, na mtawa wa kike aamkaye saa hiyo hiyo nyumba ya pili kusali sala za asubuhi, wanashindana na adui mmoja. Mmisionari akiyakimbia majuma haya kwa kutafuta la kuandika, amekimbia mahali pekee ambapo yeye na jirani yake wanalingana.

Adui huyo hakuvumbuliwa juzi. Evagrius, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, alimweleza kwa ufundi ambao hakuna aliyemzidi: pepo wa adhuhuri, ambaye humfanya mtawa aone kwamba jua limesimama, achungulie dirishani kuona kama kuna mgeni ajaye, aichukie kazi ya mikono, akumbuke ndugu zake, na aamini kwamba mahali pengine angeweza kumpendeza Mungu vizuri zaidi. Aliyekaa Lamu wakati wa kaskazi, saa saba mchana, maduka yakiwa yamefungwa na pwani imepwa, hahitaji mfasiri wa maneno hayo. Dawa aliyoitoa Evagrius ni kukaa. Asiuache ule mlango. Mimi ningeongeza kwamba katika mji kama Lamu kukaa peke yake hakutoshi, kwani mtu aweza kukaa miaka akiwa amejifungia. Yapasa akae mahali anapoonekana na kuhitajiwa, hata ikiwa ni barazani tu.

Nalo Kanisa, katika hekima yake ya kale, limelijua jambo hili kuliko baadhi ya watumishi wake. Katika mwaka wa ibada wa Kikatoliki, ukitoa Majilio, Noeli, Kwaresima na siku za Pasaka, hubaki majuma 33 au 34, zaidi ya nusu ya mwaka, ambayo hayakuwekewa fumbo moja maalumu, na padri huvaa kijani Jumapili hata Jumapili. Na Injili zenyewe zinafanya hivyo kwa Bwana mwenyewe. Miaka kama thelathini aliishi, na karibu yote imenyamaziwa. Luka anatupa kisa kimoja cha utotoni, Yerusalemu hekaluni, kisha anamrudisha Nazareti kwa wazazi wake, na pazia linashuka. Mwenye imani ya kwamba Mungu alikaa katika kijiji kidogo miaka mingi hivyo bila kuandikwa habari hana sababu ya kuona haya kwa majuma yake mwenyewe, au, nikisema kwa ukali zaidi, akiyaonea haya hajaiamini bado imani anayoihubiri.

Lamu ina mfano wake pia, wala si wa Kikristo, na ningekuwa mchoyo kuuacha. Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamal al-Layl, alizaliwa Ngazija katika karne ya 19, akaja Lamu akiwa kijana, mgeni, akajifunza tiba na dini, akakaa. Aliwakaribisha darasani watu ambao waungwana wa mji hawakudhani kwamba elimu ni haki yao, watumwa na watoto wa watumwa, na watu wa mtaa wa Langoni waliojenga kwa makuti. Msikiti wa Riyadha uliosimama kwa juhudi yake, na Maulidi ya Mfungo Sita yanayowaleta watu Lamu kutoka pwani yote, ndiyo watu wanayoyajua. Lakini wazee wakimsimulia, kinachotangulia aghalabu ni jinsi alivyotibu wagonjwa na alivyoketi na wanyonge. Yeye naye alikuwa mtu wa dini aliyekuja kutoka ng'ambo. Mmisionari anayetaka kujua jinsi mgeni anavyokuwa mwenyeji wa Lamu hana haja ya kuagiza vitabu Ulaya.

Najua jawabu atakalolitoa msomaji mwenye bidii ya Injili. Atauliza: kama ndivyo, mmisionari ana tofauti gani na mwalimu mwema au daktari mwema, na kwa nini aitwe mjumbe ikiwa hana ujumbe? Swali ni la haki, na sitaki kulikwepa. Mmisionari analo neno, na wale wanaolificha neno lao ili wapendwe siwasifu, kwa kuwa jirani anastahili kujua uliaminilo. Lakini Mtume Petro, akiwaandikia Wakristo waliokuwa wageni na waliotawanyika, aliwataka wasikose jawabu pindi watakapoulizwa sababu ya matumaini yao, tena walitoe kwa upole. Na jawabu lataka swali, na swali la kweli haliulizwi mtu wa jana. Jambo linaloniudhi, nami nalisema bila kuficha, ni ujirani uliotiwa chambo: kumtembelea mgonjwa kwa kuwa huenda akalainika, kupeleka sahani ya futari iliyofunikwa kawa huku moyoni unahesabu. Watu wa pwani wameishi na wafanyabiashara wa kila taifa kwa zaidi ya miaka elfu, wanaijua nia kabla mkono haujafika mfukoni. Na sahani ile, kwa desturi, hairudi tupu. Anayeipeleka kwa ikhlasi yampasa awe tayari kupokea pia, kuwa mwenye deni kwa jirani yake, kuhitaji msaada wake siku anapougua yeye. Wengi tuko tayari kutoa. Kupokea ndiko kunakotushinda, na bila kupokea hakuna ujirani.

Siku hizi visiwa vya Lamu viko katika Jimbo Katoliki la Malindi, lililoanzishwa mwaka 2000, ambalo askofu wake wa kwanza alikuwa Francis Baldacchino, Mkapuchini kutoka Malta, mmoja wa ndugu wa shirika hilo waliotoka katika kisiwa chao kidogo wakaja kutumika pwani ya Kenya. Aliyekwenda misa Lamu mjini anajua kwamba waumini walio wengi ni watu wa bara: walimu, askari, wauguzi, watumishi wa serikali, watu ambao wenyewe ni wageni na wanaohamishwa kila baada ya miaka. Hivyo padri hajengi hata hilo kanisa ambalo angelitazama likikua. Anawabatizia watu watoto, kisha wanahamishiwa Kitui au Kakamega. Ng'ambo, upande wa bara wa kaunti ya Lamu, iko Mpeketoni, ambako walowezi kutoka bara walipewa mashamba tangu miaka ya 1970, na ambako usiku wa tarehe 15 Juni 2014 watu wenye silaha waliingia, na katika mashambulizi ya siku hizo zaidi ya watu 60 wakauawa. Serikali ikatoa amri ya kutotoka nje usiku. Wavuvi waliozoea kutega usiku wakazuiliwa bahari, na Ramadhani ikapita katika hofu hiyo hiyo.

Nimelitaja hilo kwa sababu moja. Baada ya damu kumwagika, yale mambo yaliyokuwa hayana habari ndiyo yaliyotakiwa na kila mtu kuliko kitu chochote: Mkristo kununua samaki kwa Mwislamu kama jana, mtoto wa huyu kwenda shule na mtoto wa yule, kuamkiana njiani bila kutazamana mikononi. Hakuna kiongozi wa dini aliyeweza kuyaumba mambo hayo kwa tangazo. Palipokuwa na majuma mengi ya ujirani yaliyowekwa akiba, palikuwa na kitu cha kurejea. Na pasipokuwa nayo, mikutano ya amani ilianza kwa watu kujuana majina.

Na isidhaniwe kwamba jambo hili ni la Wazungu peke yao. Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka kwenda Mboga, nchi ambayo sasa ni ya Kongo, mwaka 1896, akawatumikia watu wa huko na wa msituni, akafariki huko mwaka 1933, naye aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi. Leo makanisa ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam yanapeleka watu wake Lamu, Garissa, Sudan Kusini, na hata Ulaya, na jambo la kusikitisha ni kwamba tumerithi kutoka kwa waliotupelekea sisi ile fomu ya ripoti pia. Mhubiri kijana anatumwa mahali ambapo hajui hata salamu za watu, na kabla mwaka haujaisha anaulizwa amebatiza wangapi. Ningeomba kamati zinazowapeleka watu hao ziyafute maswali hayo katika miaka ya kwanza, ziulize mengine: kama amepata mwalimu wa lugha miongoni mwa wenyeji na anamlipa vizuri, kama anasali siku ambazo hakuna anayemwona, jirani yupi alimletea uji alipougua, na yeye amekwenda kuzika nyumba ya nani. Na akiandika kwamba mwezi huu hakuna jambo, wamtumie posho yake kamili, kwa wakati wake, pamoja na barua ndefu ya habari za nyumbani.